HER2: Protini Ijengayo Moyo na Kuchochea Saratani ya Matiti

Kipande cha uvimbe wa titi kinapopelekwa maabara katika Hospitali ya KCMC, Moshi, swali la kwanza ni kama kuna saratani. Ikiwapo, hufuata swali jingine ambalo wagonjwa wengi hawalitarajii: je, seli zake zina HER2 kupita kiasi?

HER2 ni protini iliyokaa kwenye utando wa seli. Huungana na ndugu zake, kama HER3, wanapopokea ujumbe kutoka nje, na kwa pamoja huiamuru seli ikue na igawanyike. Katika saratani 15 hadi 20 kati ya kila 100 za matiti, nakala za jeni yake huongezeka mno, na amri hiyo haikomi.

Kabla ya kuzaliwa, amri hiyohiyo hujenga moyo. Mwaka 1995 watafiti walionyesha kwamba vijusi vya panya visivyo na HER2 hufa tumboni, kwa kuwa misuli ya ndani ya moyo haikujengeka. Miaka 3 baadaye Marekani iliidhinisha trastuzumabu, dawa inayoizuia HER2. Dawa hiyo imeokoa maisha ya wengi, na tangu mwaka 2015 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hata hivyo, mioyo ya baadhi ya wagonjwa ilidhoofika, hasa waliopewa pamoja na doksorubisini. Madaktari walishangaa, ingawa panya walikuwa wamekwisha kutoa onyo: moyo wa mtu mzima nao bado huitegemea HER2.

Ndiyo maana moyo hupimwa kwa mawimbi ya sauti kabla ya tiba, kisha takriban kila miezi 3. Kati ya vipimo, jukumu ni la zahanati na la mgonjwa mwenyewe. Huko Machame, mama anayehema akipanda kutoka sokoni huambiwa kwa urahisi kwamba ni mlima, au ni umri. Iwapo anatumia dawa hii, aulizwe: je, miguu huvimba? Je, huamka usiku akikosa pumzi? Akijibu ndiyo, apelekwe hospitali mapema, kwani mara nyingi moyo hurejea nguvu dawa ikisimamishwa kwa wakati.

Mjamzito asipewe dawa hii, kwa sababu hupunguza maji yanayomzunguka mtoto tumboni. Mwanamke anayeweza kushika mimba atumie uzazi wa mpango wakati wote wa tiba, na kwa miezi 7 baada ya dozi ya mwisho.