Gurudumu linaloteleza: kifaa nilichokikuta stoo

Kilikuwa ndani ya kisanduku cheusi kirefu, kimelazwa kwenye mahameli ya bluu iliyopauka. Wala sikuwa nakitafuta. Nilikuwa nimeingia stoo ya idara kusaka ramani za zamani, kwa sababu nilikuwa na tatizo: eneo la dakio la kijito ninachokisoma halikulingana na la ripoti ya zamani. (Dakio ni lile eneo lote ambalo mvua ikinyesha, maji yake huishia kwenye mto huo.) Kompyuta yangu ilitoa eneo kubwa kuliko la ripoti kwa karibu sehemu moja ya kumi. Msimamizi wangu aliuliza swali moja tu: "Nani amekosea?" Nikajibu kwa haraka, wamekosea wao. Enzi zile walikuwa na penseli tu.

Mzee anayetunza stoo alikifungua kisanduku, akakigeuza geuza kile kifaa, akanikabidhi. "Nilikikuta hapa nilipoajiriwa, binti. Labda bikari."

Kwa mbali kinafanana na bikari kweli. Kina mikono miwili ya chuma inayoungana kwenye kiwiko. Mkono mmoja unaishia kwenye kitufe kizito chenye sindano chini yake, kama cha kukigandisha mezani. Mwingine unaishia kwenye ncha butu yenye kishikio kidogo. Na karibu na kiwiko kuna gurudumu dogo, kipenyo chake kama sentimita mbili, limegawanywa kwa mistari 100. Pembeni yake kuna kipande kifupi chenye mistari kumi.

Hicho kipande kila aliyesoma fizikia sekondari anakijua: ni venia, ileile ya kwenye kalipa. Maana yake gurudumu linasomwa hadi sehemu moja ya elfu ya mzunguko. Juu yake kuna kisahani chenye namba 0 hadi 9 kinachohesabu mizunguko kamili. Kwa hiyo kifaa kinatoa namba ya tarakimu nne. Mtu hahangaiki hivyo kwa kitu kisichopima. Swali likawa, kinapima nini?

Wazo langu la kwanza lilikuwa urefu. Vipo vifaa vidogo vyenye gurudumu ambavyo unavitembeza juu ya barabara kwenye ramani, vinakwambia ni kilomita ngapi. Nikaweka ncha kwenye ukingo wa rula na kuivuta kufuata uelekeo wa mkono wenyewe. Gurudumu halikuzunguka hata kidogo. Lilikuwa linateleza! Nikaivuta ncha kwa upande, kukata uelekeo wa mkono, likazunguka vizuri. Ekseli yake imelazwa sambamba na mkono, kwa makusudi. Fundi aliyetengeneza kipima urefu asingekubali gurudumu linaloteleza nusu ya safari. Huyu alilitaka liteleze.

Nikapitisha ncha juu ya mstari kwenda na kurudi. Sifuri. Kinachokwenda kinafutwa kikirudi.

Ndipo nikachora mraba wa sentimita 10 kwa 10, nikauzunguka kwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa hadi pale nilipoanzia. Kikasoma 998. Nikarudia: 1,003. Mkono wangu unatetemeka, lakini ni 1,000 hiyo, hakuna ubishi. Nikachora mraba wa 5 kwa 5. Kama kinapima mzingo, nilitegemea nusu, yaani 500. Kikatoa 250. Robo! Kwa kujihakikishia nikachora mstatili wa 20 kwa 5, ambao mzingo wake ni sentimita 50 badala ya 40, ila eneo ni lilelile 100. Kikarudi kwenye 1,000. Nilihamisha kitufe kizito mara tatu, jibu likabaki palepale.

Kinapima eneo. Kwa kuzunguka mpaka tu, bila kugusa ndani.

Jina lake ni planimita. Mjerumani wa Bavaria, Johann Martin Hermann, alibuni ya kwanza inayojulikana mwaka 1814, lakini hii yenye mikono miwili na kitufe ni ya Mswisi Jakob Amsler, wa mwaka 1854. Mwaka uliofuata James Clerk Maxwell, yuleyule wa milinganyo ya sumaku na umeme, naye alichapisha muundo wake. Wa Amsler ndio ulioshinda sokoni, kwa sababu ni rahisi kuutengeneza na unaingia kwenye kisanduku.

Sasa kwa nini kinafanya kazi? Fikiria rola ya kupaka rangi ukutani. Ukiivuta inavyotakiwa, inapaka ukanda ambao eneo lake ni urefu wa rola mara umbali iliotembea. Ukiisukuma kwa kufuata urefu wake yenyewe, haipaki kitu, inakwangua tu. Mkono wenye ncha ndio rola yetu, na gurudumu linahesabu ile sehemu ya mwendo inayopaka na kuipuuza inayokwangua. Ndiyo maana linateleza.

Ncha ikipita ukingo wa mbali wa umbo, mkono unapaka kila kitu kuanzia kwenye njia ya kiwiko hadi ukingo huo. Ikirudi kwa ukingo wa karibu, gurudumu linazunguka kinyume na "kufuta" kuanzia njia ya kiwiko hadi ukingo wa karibu. Kilichopakwa mara moja bila kufutwa ni kile kilicho katikati, yaani umbo lenyewe. Kiwiko kimefungwa kwenye mkono wa pili, hivyo hakina ujanja zaidi ya kwenda na kurudi kwenye tao moja, na tao halifungi eneo lolote. Mkono nao hugeuka geuka njiani na kulizungusha gurudumu kidogo, lakini mwisho wa safari umerudi kwenye pembe ileile, kwa hiyo huo mgeuko unajifuta wenyewe. (Hayo yote ni kama kitufe kiko nje ya umbo. Kikiwa ndani, kiwiko kinazunguka duara zima, na inabidi uongeze namba maalumu. Ipo kwenye kikaratasi kilichobandikwa kwenye mfuniko.)

Waliosoma kalkulasi ya vigezo vingi mtakuwa mmeshaitambua: ni kanuni ya Green. Jumla ya kitu fulani ukizunguka mpaka inakupa jumla ya kitu kingine ndani ya mpaka. George Green alikuwa Mwingereza aliyefanya kazi kwenye kinu cha unga cha baba yake karibu na Nottingham, akachapisha kazi yake kuu mwaka 1828 akiwa hajasoma chuo kikuu. Mimi niliifaulu mada hiyo shahada ya kwanza bila kuielewa. Nimeielewa stoo, nimekaa juu ya boksi la karatasi.

Na unaweza kukikagua kwa rula. Mzunguko mmoja wa gurudumu unapaka urefu wa mkono mara mzingo wa gurudumu. Mkono wa hiki ni sentimita 16 hivi, mzingo ni 6 na robo. Zidisha: 100. Ndiyo sababu mraba wangu wa kwanza ulitoa mzunguko mmoja kamili.

Walikitumia wengi. Wahandisi wa injini za mvuke walizungushia michoro ya presha na ujazo, maana eneo la mchoro ule ndiyo kazi iliyofanywa na injini. Watafiti wa mimea walipima majani. Jina limebaki hata hospitalini: daktari wa moyo anapochora kwenye picha ya ultrasaundi kuzunguka tundu la vali ili ajue ukubwa wake, anaita planimetria. Na wachora ramani, bila shaka. Sisi wa shule tulifundishwa kuhesabu miraba kamili, kisha zile nusunusu tunazigawa kwa mbili. Planimita ni kwa ajili ya mtu aliyechoka na nusunusu.

Hapo nikaikumbuka ripoti yangu. Karatasi ya ramani ya 1:50,000 nilikuwa nimeipata siku hiyohiyo, na juu yake kulikuwa na mstari wa penseli uliofifia ukizunguka dakio. Kwa skeli hiyo sentimita moja ni nusu kilomita, hivyo sentimita moja ya mraba ni robo ya kilomita ya mraba, na mzunguko mmoja wa gurudumu ni kilomita za mraba 25. Nikazunguka mstari ule mara tano na kuchukua wastani. Namba ya ripoti ikatoka vilevile, tofauti ikiwa kwenye desimali.

Kwa hiyo aliyepima hakukosea kupima. Tofauti ilikuwa kwenye mstari wenyewe. Nilipoulaza juu ya mstari wa kompyuta, vililingana karibu kote isipokuwa sehemu moja ya juu, tambarare, ambako kompyuta ilimeza kibonde kizima ambacho penseli ilikiacha nje.

Nikaenda. Pale juu kuna shamba la mikaratusi, na chini ya miti kuna kalavati ambalo maji yanapita kuelekea magharibi, kwenye mto mwingine kabisa. Bibi mmoja aliyekuwa akipalilia viazi niliposalimia na kumuuliza alinishangaa. "Marahaba. Mwanangu, maji ya hapa hayajawahi kwenda huko kwenu. Hata masika."

Data ya mwinuko niliyotumia ilikusanywa kwa rada kutoka angani Februari 2000, na rada ile, penye miti minene, husoma karibu na vilele vyake badala ya udongo. Miti ile iliziba mdomo wa kibonde kama bwawa. Programu, ikiona shimo lisilo na njia, hulijaza hadi lifurike, na lilifurikia upande wangu.

Hesabu yangu ya maji ya kiangazi ilitegemea eneo hilo, na chini ya kijito kuna mfereji ambao watu wake wanagawana kwa saa. Ningewaandikia maji ambayo hayapo. Sura ya tatu nimeshaibadilisha. Vijito vingine sita nilivipima kwa data hiyohiyo, na ramani zake nimeziomba stoo. Mbili zimeliwa na mchwa.