Fahamu: Kulipia miaka iliyopotea ya pensheni ya Uingereza

Muuguzi aliyefanya kazi Uingereza miaka minane kisha akarejea Mombasa anaweza kukosa pensheni yote ya serikali ya huko. Kisa ni kwamba mfumo ulioanza Aprili 2016 unadai angalau miaka 10 ya michango ya bima ya taifa. Pensheni kamili hudai miaka 35.

Mapengo katika miaka hiyo ya michango yanaweza kulipiwa, kwa kawaida kurudi nyuma miaka sita. Hesabu yenyewe inavutia. Katika mwaka wa fedha wa 2025/26, mwaka mmoja wa mchango wa hiari wa daraja la tatu uligharimu takribani pauni 923, nao huongeza pensheni kwa karibu pauni 342 kwa mwaka. Ukiishi miaka mitatu baada ya kuanza kulipwa, pesa yako imerudi.

Tatizo ni kwamba mlango umebanwa. Waliokuwa ng'ambo waliruhusiwa daraja la pili, lililogharimu pauni 182 tu kwa mwaka. Bajeti ya Novemba 2025 ililifuta kwao kuanzia Aprili 2026, na mwombaji mpya sasa anatakiwa awe ameishi au kuchangia Uingereza miaka 10, badala ya mitatu ya awali. Kwa muuguzi wetu, hilo ni pigo.

Lingine, ambalo naliona dhuluma: anayeishi Kenya au Tanzania haongezewi pensheni kila mwaka. Hubaki na kiwango kilekile alichoanza nacho.

Kabla ya kutuma hata pauni moja, omba kwanza rekodi yako ya michango.