Kamusi inayoifundisha mashine kutamka majina yetu

MAJUZI niliketi katika ukumbi wa ofisi moja, kikaratasi cha foleni mkononi, nikisubiri zamu yangu. Sauti iliyokuwa ikiita watu haikuwa ya karani. Ilikuwa ya mashine, tena yenye lafudhi ya Kiingereza cha Uingereza. Ilipofika kwa mzee mmoja aitwaye Ng'ang'a, ilitoa mlio ambao hakuna aliyeutambua. Mzee hakuinuka. Ikaita tena, kisha ikasonga mbele. Baadaye alipokwenda dirishani kuuliza, alijibiwa: “Mzee, uliitwa ukanyamaza.”

Je, aliitwa kweli? Mtu huitwa kwa jina lake. Jina likivurugwa hadi mwenyewe asilitambue, mimi nasema hakuitwa.

Hata hivyo, tusiilaumu mashine bure. Programu inayogeuza maandishi kuwa usemi hufuata kanuni za lugha iliyofunzwa. Sauti ya Kiingereza ikikutana na “Thika”, yaelekea itaisoma “th” kama ya “thelathini”, ilhali wenyeji hutamka “dh” kama ya “dhahabu”. Haijakosea kanuni zake. Imekosa tu mtu wa kuiambia kwamba neno hili si la Kiingereza. Njia ya kuiambia ipo, nayo ni kamusi ya matamshi.

Kamusi hii ni faili fupi la maandishi. Mpangilio wake ulipitishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, mnamo Oktoba 2008. Msomaji aliyesoma isimu hatapata ugeni humo, kwani istilahi zake ni zile zile za darasani. Kila kidahizo ni leksimu. Ndani ya leksimu mna grafimu, yaani neno jinsi linavyoandikwa, na fonimu, yaani linavyotamkwa kwa alama za alfabeti ya kifonetiki ya kimataifa. Kwa hiyo grafimu “Thika” huandikiwa ˈðiːkə. Badala ya fonimu unaweza kuweka lakabu, yaani maneno ya kusomwa mahali pa yale yaliyoandikwa. Kwa lakabu, “TSC” husomwa “Teachers Service Commission”.

Faili likishakuwa tayari, hupelekwa kwenye huduma yenyewe, ambayo aghalabu haimo katika kompyuta yako bali katika mitambo ya kampuni iliyo mbali, kule wanakokuita “winguni”. Tuchukue mfano wa Amazon Polly, huduma iliyozinduliwa mwaka 2016. Badala ya kubofya-bofya kurasa, fundi huandika amri:

aws polly put-lexicon --name MajinaKenya --content file://majina.pls

Amri hiyo huihifadhi kamusi kwa jina MajinaKenya. Ziko nyingine tatu za kuitunza: list-lexicons huorodhesha kamusi ulizo nazo, get-lexicon hukurudishia moja uikague, na delete-lexicon huifuta. Lakini kuihifadhi kamusi si kuitumia! Kila unapoiagiza mashine isome kwa amri ya synthesize-speech, sharti uitaje kamusi hiyo kwa kuongeza --lexicon-names MajinaKenya. Usipoitaja, itasoma vile vile ilivyozoea, nawe utadhani kamusi yako haifai.

Hapo ndipo penye mitego. Kwanza, ukipeleka kamusi mpya kwa jina la ile ya zamani, ya zamani hufutika pasipo kuulizwa. Basi hifadhi nakala kwako kila mara. Pili, kamusi hukaa katika eneo moja la mitambo. Ukihamia eneo jingine, ipeleke upya. Tatu, unaweza kutaja hadi kamusi tano kwa mpigo, na neno likiwa katika mbili, ile iliyotajwa mwanzo ndiyo inayoshinda. Nne, kamusi iliyotangazwa kuwa ya Kiingereza cha Uingereza haitasikizwa na sauti ya lugha nyingine.

Mtego wa tano unatuhusu sisi hasa. Mashine hulinganisha herufi kwa herufi, ikitofautisha kubwa na ndogo. “Thika” na “THIKA” kwake ni maneno mawili. Halafu kuna kile kibainishi cha “ng'”. Katika kompyuta kipo kilichonyooka na kipo kilichopinda, na macho yetu hayajali. Mashine inajali. Kamusi ikiwa na kimoja na orodha ya majina ikiwa na kingine, havitakutana. Karani naye akikiacha kabisa akaandika “Nganga”, hilo ni neno la tatu. Kabla ya kuandika amri yoyote, basi, fanya kazi ya mwanaleksikografia: kusanya kila sura ambayo neno huandikwa.

Kamusi hii ina mipaka pia. Sauti ya Kiingereza haina “gh” ya “ghali”. Huwezi kuidai fonimu isiyokuwa nayo, bali utachagua iliyo karibu. Na hata tukitumia sauti za Kiswahili, ambazo sasa zipo (Microsoft, kwa mfano, ina Zuri na Rafiki wa Kenya, Rehema na Daudi wa Tanzania), kamusi huona maandishi tu, maana haioni. Chukua “barabara”. Mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ni njia ya magari. Ukisogea nyuma silabi moja, ni sawasawa. Kidahizo kimoja cha kamusi kitalazimisha matamshi mamoja kote, na sentensi moja kati ya hizo mbili itaharibika. Maneno ya namna hiyo ni bora kuyaelekeza pale pale yanapotokea katika matini.

Nani basi aandike kamusi hizi? Amri zenyewe fundi wa kompyuta hujifunza kwa siku moja. Lakini nani atamwambia kwamba Ng'ang'a ni ŋaŋa, au kwamba jina fulani la Kiluo au la Kikamba hutamkwa hivi na si vile? Huyo si fundi. Ni mzungumzaji wa lugha pamoja na mtu aliyesomea fonetiki, na vyuo vyetu vinao wengi wanaolalamika kwamba isimu haina ajira. Taasisi inayonunua sauti ya mashine iwaketishe watu hawa pamoja, isome orodha ya majina kwa sauti mbele ya wenyewe, irekebishe, ndipo iwashe vipaza sauti.

Ni kazi ya majuma machache, na yule mzee asingepoteza zamu yake.