Sheria Huuliza Nia, Hatari Haiulizi

Maji yakimwagika hayazoleki. Ndivyo ilivyo siri ya ofisa wa upelelezi anayelitumikia taifa lake kwa kificho: ikishatangazwa, hakuna hukumu wala msamaha uwezao kuirejesha. Marekani imelionja jambo hili mara mbili, na yaliyoifika yanafaa kuzingatiwa na kila mwenye dhamana.

Tarehe 23 Desemba, 1975, Richard Welch, mkuu wa kituo cha CIA mjini Athens, alipigwa risasi akafa nje ya nyumba yake. Jina lake lilikuwa limekwisha kuchapishwa. Wako waliosema kuwa makazi yale yalijulikana hata kabla ya hapo. Lakini kifo hicho kilichangia kupitishwa kwa sheria ya mwaka 1982, inayomwadhibu anayefichua kwa makusudi jina la ofisa wa siri. Adhabu ya juu kabisa ilikuwa kifungo cha miaka 10.

Sheria hiyo ilipata mtihani mkubwa mwaka 2003. Tarehe 6 Julai, balozi wa zamani Joseph Wilson aliandika gazetini akipinga madai ya serikali kuhusu urani ya Niger, madai yaliyotumika kutetea vita vya Iraki. Siku nane baadaye mwandishi Robert Novak alimtaja mkewe, Valerie Plame, kuwa ni mtumishi wa CIA. Kazi yake ya siri ikakoma, na kampuni iliyokuwa kificho chake ikajulikana. Tokea hapo, kila aliyewahi kuonekana naye ugenini angeweza kutiliwa shaka.

Je, sheria ilimfikia nani? Richard Armitage, aliyekuwa Naibu Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, alikiri mwaka 2006 kwamba yeye ndiye aliyemweleza Novak, akasema hakukusudia ubaya. Hakushitakiwa. Lewis Libby, msaidizi mkuu wa Makamu wa Rais, alitiwa hatiani mwaka 2007, si kwa kufichua siri, bali kwa kusema uongo na kuzuia uchunguzi. Alihukumiwa kifungo cha miezi 30, Rais Bush akamwondolea. Mwaka 2018 Rais Trump akamsamehe kabisa. Aliyelala jela siku 85 ni mwandishi Judith Miller, aliyekataa kumtaja aliyempa habari, ilhali yeye hakuwa ameandika lolote juu ya jambo hilo.

Hapa ndipo penye funzo. Sheria huuliza: alijua? Alikusudia? Hatari haiulizi. Neno lililoponyoka kwa porojo huua sawasawa na lile lililotolewa kwa chuki.

Hatusemi kwamba siri iwe pazia la kufunika dhuluma. Matendo ya idara yoyote yanastahili kuhojiwa bungeni na magazetini, na yanaweza kuhojiwa bila ya kumweka mtumishi mmoja mbele ya mtutu wa bunduki.

Sisi wa visiwani twajuana kwa majina na kwa milango, na neno la barazani huwahi kufika kabla ya jahazi. Kwa hivyo twawaambia viongozi wetu: kufuli ya kwanza ya siri ya taifa si kifungu cha sheria, ni ulimi wa aliyekabidhiwa.