"Visit", "Travel" na "Tour": Lipi la Kuandika?



Wenzetu waliokuwa wakijitayarisha kwenda Kilwa walitutaka tuwaandikie barua ya Kiingereza kwa mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuwa akichunguza magofu ya huko, ili awaonyeshe kazi yake. Tukaandika kwamba wanachama wetu wangependa "to loiter" magofuni siku mbili. Kamusi ilitueleza kuwa ni kwenda polepole bila ya haraka. Jibu likaja kwa adabu: je, watu hawa wana shughuli gani hasa? Hapo ndipo tulipofahamu kuwa tumewaombea wenzetu ruhusa ya kuzurura, na safari nusura ivunjike.

Asili ya kosa ni neno letu pana, kutembea. Mtu hutembea kwa miguu, hutembea kwa jamaa zake Chake Chake, na mgeni wa Ulaya naye twasema amekuja kutembea. Mwingereza huyagawa mambo hayo, na agawapo hutazama nia ya mwendaji kuliko miguu yake.

"Travel" ni kusafiri, na mkazo wake u katika njia. Kwa hiyo twaandika "travel to Kilwa", si "travel Kilwa". "Visit" ni kinyume chake: mahali ndipo penye mkazo, na jina la mji hufuata papo hapo, "visit Kilwa", bila ya "to" katikati. Hapa ndipo tukoseapo wengi. Ibn Battuta alitumia miaka mingi ya maisha yake katika "travel". Lakini juu ya kufika kwake Kilwa mwaka 1331 twaandika "visited".

"Tour" ni kuzungukia mahali pengi kwa mpango, kama wafanyavyo wageni wanaopitishwa katika mashamba yetu ya viungo. Basi atakayetazama Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, Gereza na Husuni Kubwa, kisha akavuka hata Songo Mnara, neno lake ni hilo.

"Call at" ni la vyombo: meli hupitia bandari, hushusha, hupakia, huondoka. Pengine huwa ni neno la upole mno. Vasco da Gama alipofika Kilwa mwaka 1502 alimlazimisha mtawala wa mji kutoa kodi ya dhahabu, na mwaka 1505 watu wa Francisco de Almeida waliuteka mji wakaupora. Mtoto wa shule akiandika kwamba watu hao wa mwaka 1505 "visited" Kilwa, sarufi yake haina kosa, lakini amewadhulumu wenyeji. Na aandike "raided", yaani walivamia.

"Wander" ni kwenda bila ya shabaha, wala halina ubaya. Mgeni aweza kufanya hivyo katika mitaa ya Kilwa Kivinje akitazama nyumba za kale. "Roam" latumika sana kwa wanyama waliofunguliwa. Ama "loiter", hilo ndilo liandikwalo kwenye mabango ya kuwakataza watu kusimama ovyo mbele ya maduka.

Katika barua ya pili tuliandika "visit the ruins", tukataja siku na idadi ya watu. Wenzetu walipovuka kutoka Kilwa Masoko, mtaalamu yule alikuwa akiwangoja pwani.