Kutoka kisiwa cha Rhodes hadi Lubumbashi: Wayahudi walioanza maisha mara mbili

Wakaaji wengi wa Lubumbashi wanapita mbele ya sinagogi ya katikati ya mji bila kusimama. Jengo hilo limekuwa pale tangu karibu mwaka wa 1930, wakati mji ungali ukiitwa Elisabethville. Waumini wake wamebaki wachache sana, na vijana wengi hawajui walioijenga walitoka wapi.

Mtu aliyeiongoza kwa muda mrefu, rabi Moïse Levy, alifika mwaka wa 1937 akiwa kijana aliyetoka kumaliza masomo ya dini. Aliondoka mwaka wa 1991, mzee aliyepita miaka sabini, kwenda kuishi Brussels. Alikuwa amekaa Katanga miaka 54. Alianza maisha katika nchi ngeni akiwa na nguvu, kisha ikabidi aanze tena akiwa na mvi. Kati ya safari hizo mbili kuna historia ya jamii nzima, na swali ambalo familia nyingi za Kongo zinajiuliza leo: mtu mzima anawezaje kuzoea mahali ambapo hakuzaliwa?

Mji ambao kila mtu alikuwa mgeni

Elisabethville ilianzishwa mwaka wa 1910, mwaka uleule reli kutoka upande wa kusini ilipofika. Shaba ndiyo iliyowavuta watu. Wafanyakazi walitoka Kasai, Luapula, Rhodesia ya Kaskazini na Rwanda. Kiswahili chenyewe hakikuzaliwa hapa. Kilikuja na watu, kikakubalika kazini, sokoni na kanisani, mpaka leo mtoto wa Lubumbashi anakiita lugha ya nyumbani.

Wayahudi wa kwanza walipanda reli hiyo. Wengi wao walikuwa watu wa Ulaya ya Mashariki waliopitia Afrika ya Kusini na Rhodesia. Baadaye likaja kundi lililobadilisha sura ya jamii hiyo, yaani watu wa Rhodes, kisiwa kilicho karibu na pwani ya Uturuki.

Mababu wa watu hao walifukuzwa Uhispania mwaka wa 1492. Waliondoka na lugha yao, Kihispania cha zamani kinachoitwa Ladino, na waliendelea kuizungumza kwa karibu miaka mia nne chini ya utawala wa Waturuki. Mwaka wa 1912 Italia ilikiteka kisiwa. Kazi zilikuwa chache, na vijana walianza kuondoka kwenda Marekani, Argentina, Rhodesia na Kongo ya Wabelgiji. Wengi walikuwa wamejifunza Kifaransa katika shule ya Wayahudi ya kisiwani, na jambo hilo liliwasaidia Kongo. Mmoja alipopata kazi dukani, alimwita mdogo wake. Mdogo wake naye alimwita mpwa.

Wazazi walifuata nyuma

Kwa kijana wa miaka ishirini, nchi ngeni ni nafasi ya kujaribu bahati. Kwa mama wa miaka sitini, jambo ni tofauti. Yeye anaacha kaburi la mume wake, tanuri la jirani, mlango ambao kila apitaye anamsalimia kwa jina.

Mwaka wa 1938 serikali ya Mussolini ilitoa sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Wale waliohesabiwa kuwa wageni, waliohamia Italia au makoloni yake baada ya mwaka wa 1918, waliamriwa kuondoka ndani ya miezi sita. Chuo cha marabi cha Rhodes, ambako Levy alisoma, kilifungwa mwaka huohuo. Mwenye mtoto au ndugu Kongo alikuwa na mahali pa kuelekeza macho.

Safari ilichukua majuma mengi. Mtu aliweza kushuka melini Cape Town au Beira na kupanda treni kupitia Rhodesia. Kuanzia mwaka wa 1931 iliwezekana pia kushuka Lobito, Angola, na kufuata reli ya Benguela moja kwa moja hadi Katanga. Wengine wangeweza kupita Dar es Salaam, Kigoma, kuvuka ziwa Tanganyika mpaka Albertville, mji tunaouita leo Kalemie.

Mzee aliyeshuka treni Elisabethville hakukuta nchi yake, lakini alikuta vitu kadhaa vya kushika mkononi. Stesheni kulikuwa na mtu wa kumpokea. Siku ya sabato alisikia sala kwa sauti aliyoizoea tangu utoto. Jikoni mwa binti au mkwe wake kulikuwa na bureka, vitumbua vya unga vyenye jibini au viazi ndani, kama vile vya nyumbani.

Kulikuwa pia na maneno. Watu wa Rhodes waliozaliwa zamani za Waturuki walijua Kituruki cha sokoni, na Kituruki, kama Kiswahili, kimechukua maneno mengi kutoka Kiarabu na Kiajemi. Sabuni kwa Kituruki ni sabun. Hesabu ni hesap, sanduku ni sandık, chai ni çay, kalamu ni kalem, na duka ni dükkân. Hayo ndiyo maneno ya kwanza ambayo mtu anahitaji nyuma ya meza ya magazini. Mzee ambaye Kifaransa kilimpita kando aliweza kusikia katika Kiswahili cha wateja neno moja moja analolijua.

Waliobaki kisiwani

Si wote waliopata njia ya kutoka. Tarehe 23 Julai 1944, Wajerumani waliokuwa wameshika kisiwa waliwapakia Wayahudi wa Rhodes katika meli. Walikuwa zaidi ya 1,700, wazee na watoto wachanga ndani. Treni iliwafikisha Auschwitz tarehe 16 Agosti. Waliorudi hai ni karibu 150 tu.

Kwa familia za Elisabethville, habari hizo zilimaanisha kwamba hakuna tena mahali pa kurudi. Mpaka siku hiyo Kongo ilikuwa nchi ya kazi, na Rhodes ilikuwa nyumbani. Baada ya vita, Katanga ikawa mojawapo ya sehemu chache duniani ambako mtaa ule wa Wayahudi uliendelea kuishi kupitia lugha yake, nyimbo zake na majina yake.

Baadhi ya walionusurika walikuja kuwafuata ndugu zao Kongo. Mmoja wao ni Sami Modiano, aliyezaliwa Rhodes mwaka wa 1930. Alipoteza baba na dada yake kambini akiwa na miaka 14, na baadaye aliishi miaka mingi Kongo kabla ya kurudi Ulaya na kuanza kuwasimulia vijana wa shule yale aliyoyaona.

Kimbilio lenye ukuta ndani yake

Historia hii haikamiliki bila upande wake wa pili. Elisabethville ya wakoloni ilikuwa miji miwili. Kati ya mji wa wazungu na cité ya Waafrika kuliachwa eneo tupu la kuwatenganisha. Mkaaji wa cité Albert, Kamalondo ya leo, hakuruhusiwa kutembea usiku katika mji wa wazungu bila karatasi ya ruhusa. Wayahudi wa Rhodes, kama Wagiriki na Wareno, walitazamwa na Wabelgiji wengi kama wazungu wa daraja la pili. Hata hivyo walikaa upande wenye haki. Watu waliokimbia sheria za ubaguzi walipata usalama katika koloni lililowabagua wenyeji.

Ukuta huo haukuzuia kila kitu. Nissim Soriano, Myahudi wa Rhodes aliyekimbia utawala wa Italia mwishoni mwa miaka ya 1930, hakubaki mjini. Alifanya biashara ya samaki upande wa Luapula na ziwa Mweru, akaanzisha familia na mama Mkongo. Mtoto wake, Moïse Katumbi, alizaliwa Kashobwe mwaka wa 1964. Alikuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, na ni rais wa TP Mazembe.

Asili ya Katumbi ilizua mjadala mkali. Mwaka wa 2021, mswada uliwekwa bungeni kutaka urais uwe wa watu waliozaliwa na baba na mama Wakongo peke yao. Haukuwa sheria. Katika uchaguzi wa Desemba 2023 Mahakama ya Katiba ilimruhusu kugombea, na alishika nafasi ya pili. Zaidi ya miaka 80 baada ya baba kushuka na mzigo wake, watu walikuwa bado wanabishana kama mtoto ni mwenyeji.

Kuanza tena na mvi

Kabla ya uhuru, Wayahudi wa Kongo walikuwa karibu 2,500, na karibu nusu yao waliishi Elisabethville. Kisha misukosuko ilifuatana. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilitangaza kujitenga, na mapigano yaliendelea mjini mpaka mwanzo wa 1963. Familia nyingi zilikwenda Ubelgiji, Israeli, Rhodesia na Afrika ya Kusini. Novemba 1973 rais Mobutu alitangaza zaïrianisation, na maduka na mashamba ya wageni yakapewa raia wa Zaire. Mwaka wa 1991 ukaja uporaji wa Kinshasa, na Lubumbashi nayo haikuachwa.

Aliyekuja kabla ya vita akiwa na miaka 25 sasa alikuwa karibu na themanini. Brussels ilimpa daktari na pensheni. Haikumpa lupango lenye mwembe, wala jua la Juni, wala mtu wa kumsalimia kwa Kiswahili asubuhi. Watu waliokuwa wametamani Rhodes kwa miaka hamsini walijikuta wanatamani Lubumbashi. Rabi Levy, aliyekuwa rabi mkuu wa Kongo, alifia Ubelgiji. Maisha yake yalisimuliwa katika kitabu kilichotolewa mwaka wa 2000. Leo Wayahudi wengi waliobaki Kongo wako Kinshasa, ambako rabi Shlomo Bentolila anahudumu tangu mwaka wa 1991.

Wasomaji wa mashariki mwa Kongo hawana haja ya kuvuka bahari ili kuielewa habari hii. Kuna nkambo aliyetoka Kivu mpaka kambi ya Nyarugusu, akakaa huko miaka mingi, kisha akapelekwa Marekani na wajukuu wake. Wajukuu wanajua Kiingereza baada ya mwaka mmoja. Yeye anabaki ndani ya nyumba, anangoja simu ya nyumbani. Mzee hazoei nchi kwa kupewa karatasi. Watu wa Rhodes walizoea Katanga kwa sababu walikuta mtu stesheni, nyumba ya sala, chakula wanachokijua, na duka ambako waliweza kuuliza bei kwa lugha ya mji.

Wengine kati yao hawakuondoka tena. Waliokuja wakiwa wamezeeka walifia hapa kabla ya misukosuko, wakazikwa katika makaburi ya Wayahudi ya Lubumbashi. Watoto wao walitawanyika Brussels, Cape Town na Tel Aviv. Wao, waliofika wa mwisho na kwa uzito zaidi, ndio waliobaki katika udongo wa Katanga.