Kiwanja cha Watoto Hulindwa Kingali Kwenye Ramani



Himidi zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu, akina mama na akina baba, ni nadra siku hizi kuikuta familia ya pwani isiyokuwa na kijana wake bara. Wengi wa vijana hao, baada ya kuoa na kuchoshwa na kodi za Nairobi, wamekwenda kupanga au kununua ploti Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, mwendo wa kilomita 30 hivi kusini mwa jiji. Wake zao wakirudi nyumbani kwa Idi, wana lalamiko moja wanalolishirikiana: nyumba ina nafasi, majirani ni watu wema, lakini mtoto hana pa kuchezea. Mbele ya lango ni pikipiki, nyuma ni ukuta wa jirani, na mbali kidogo ni barabara kuu ya Namanga yenye malori usiku na mchana. Basi mtoto hufungiwa ndani na televisheni, na mama hufungiwa pamoja naye.

Jambo hili si dogo, wala halihusu Kitengela peke yake. Ni onyo kwa miji yetu yote, Likoni na Mtwapa zikiwemo. Ninalotaka tulitafakari wiki hii ni hili: uwanja wa umma aghalabu haupotei siku ile mtu anapojenga ukuta. Huwa umekwisha kupotea zamani, siku ulipokuwa mstari tu katika ramani, na sisi tusiwepo wa kuuliza.

Mji uliozaliwa kwa vipande

Uwanda wa Kitengela ulikuwa malisho ya Wamaasai. Hapakuwa na ua kati yake na Mbuga ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, na hata leo upande wa kusini wa mbuga hiyo haujazungushiwa ua. Nyumbu na pundamilia walikuwa wakivuka kwenda kula nyasi uwandani pamoja na ng'ombe. Baadaye, chini ya sheria ya mwaka 1968, ardhi ya malisho iliandikishwa kuwa ranchi za pamoja, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela ikaanza kugawanywa, kila mwanachama akapewa sehemu yake yenye hati.

Hapo ndipo mauzo yalipoanza. Aliyepata ekari nyingi aliuza chache, na mnunuzi akazikata tena. Viwanda vya kuuza nje vilivyofunguliwa karibu na Athi River katika miaka ya 1990 vilileta wafanyakazi waliohitaji vyumba. Ardhi ikaendelea kukatwa hadi ikafika thumni ya ekari, yaani ploti ya futi 50 kwa 100 ambayo sote twaijua. Katika sensa ya mwaka 2019 mji wa Kitengela ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 150,000, na Kaunti nzima ya Kajiado ilitoka watu 687,312 mwaka 2009 hadi 1,117,840 katika miaka kumi hiyo.

Tazameni sasa tatizo lilipo. Mji wa kale kama Lamu ulikuwa na mahali pa kukutania, na hadi leo uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome ni sebule ya mji mzima. Hata Magadi, huko huko Kajiado, ni mji uliopangwa na kampuni ya magadi kwa ajili ya wafanyakazi wake, na michezo ikatengewa nafasi yake. Lakini Kitengela haikupangwa na mfalme, wala serikali, wala kampuni moja. Ilipangwa na wauzaji mia kidogo, kila mmoja katika kipande chake. Kila futi aliyoiacha wazi aliihesabu kuwa hasara. Katika karatasi ya matangazo huchorwa bembea na miti, na watu hununua kwa matumaini. Miaka michache baadaye, mahali pa bembea pana ploti nyingine yenye mwenyewe. Si kila muuzaji hufanya hivyo, lakini anayefanya hivyo huona wepesi, kwa sababu hakuna anayemuuliza.

Ni wajibu wa nani?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kushughulikia bustani, fuo na mahali pa burudani, na pia kazi ya kupanga matumizi ya ardhi. Kwa hivyo anayestahili kuulizwa kuhusu bustani ya mtaa ni serikali ya kaunti, kuanzia kwa mwakilishi wadi hadi kwa gavana. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inaitaka kila kaunti iwe na mipango ya ardhi yake, na mwenye kutaka kukata ardhi lazima aombe idhini. Idhini hiyo yaweza kutolewa kwa sharti kwamba aache sehemu ya barabara na ya matumizi ya umma. Sharti likiandikwa na likafuatiliwa, mtaa hupata uwanja bila ya kaunti kununua hata hatua moja ya ardhi. Likipuuzwa, kaunti italazimika kuinunua baadaye ardhi ile ile kwa bei ya mjini, na mara nyingi haitaweza.

Dini yetu nayo haikulinyamazia jambo hili. Mtume (S.A.W.) alihifadhi eneo la Naqii karibu na Madina liwe malisho ya farasi wa Waislamu wote, asilimiliki mtu. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa na malisho ya namna hiyo, alimwagiza msimamizi wake awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache, wala asiwatangulize matajiri, kwani tajiri mifugo yake ikifa ana mashamba ya kurudia, na maskini hana kitu. Huu ndio msingi wa uwanja wa umma: mwenye nyumba yenye bustani hauhitaji sana kama anavyouhitaji anayelea watoto wanne katika chumba kimoja. Na kwa anayenyakua ardhi isiyo yake, walau shubiri moja, kuna onyo zito katika hadithi sahihi kwamba atavishwa ardhi saba shingoni Siku ya Kiyama. Aliyeuza uwanja wa watoto na ajitazame hapo.

Waliotetea, waliotengeneza

Kutetea uwanja si jambo geni nchini mwetu. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, Nairobi. Wangari Maathai aliandika barua moja baada ya nyingine, ndani na nje ya nchi. Alitukanwa na kudharauliwa, lakini hakuacha, na mwishowe mpango ukafa. Angalieni kwamba alianza kupinga jengo lilipokuwa bado katika karatasi. Lau angengoja ghorofa ya kumi, leo pasingekuwa na bustani.

Mwaka 2015, mwezi wa Januari, wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata, Nairobi, walikuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Walipotoka kuandamana, polisi waliwarushia watoto wale gesi ya kutoa machozi. Nchi ilishtuka, na uwanja ukarudi kwa shule. Lakini tujiulize: yafaa mtoto wa shule ya msingi anuse gesi ndipo wazee wake wagundue kwamba uwanja ulikuwa hatarini?

Kuhusu kutengeneza, tunayo mifano miwili karibu nasi. Forodhani ya Unguja ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kufanyiwa kazi na taasisi ya Aga Khan ya utamaduni. Ukuta wa bahari ulijengwa upya, zikawekwa taa na mahali pa watoto, na wauza vyakula wakapangiwa nafasi yao. Kwa sababu wachuuzi hawakusahauliwa, watu walirudi jioni, na mahali penye watu wengi wa heshima huwa na usalama. Mombasa nako, ufuo wa Mama Ngina, tunakokwenda kula kachiri na kunywa madafu, ulitengenezwa na kufunguliwa Oktoba 2019. Nani hajaona jinsi familia zinavyomiminika huko siku ya pili ya Idi? Tena tukumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha wanawake wote watoke kwenda uwanja wa Idi, hata walio katika hedhi, washuhudie kheri ingawa hawaswali. Mji usio na uwanja huwanyima wanawake wake heshima hiyo, maana msikiti ukijaa, wao ndio wa kwanza kuambiwa wabaki nyumbani.

Yafaayo kufanywa na akina mama

Kwanza, kabla ya kununua ploti, usiulize bei peke yake. Omba kuiona ramani ya ugawaji iliyoidhinishwa na kaunti, utazame palipoandikwa kuwa ni pa umma. Kisha uliza katika ofisi ya ardhi mjini Kajiado kipande hicho kimeandikishwa kwa jina la nani. Kama kimeandikishwa kwa jina la muuzaji, hicho bado ni chake, hata akichora bembea kumi.

Pili, jueni kalenda ya kaunti. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa Maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa katika bunge la kaunti ifikapo tarehe 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha ifikapo tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti ifikapo tarehe 30 Aprili. Umma hualikwa kutoa maoni kabla ya mambo hayo kukatwa. Anayekwenda kuomba bustani mwezi wa Juni amefika karamuni sufuria zikioshwa. Mikutano hiyo, nilivyoiona katika miji kadhaa, huwa na wanaume wengi wanaotaka barabara na wanawake wachache wanaonyamaza. Barabara ni muhimu, lakini anayejua mtoto anachezea wapi saa kumi jioni ni mama. Nendeni watano au sita pamoja, kwa heshima na stara yenu, na maoni yenu yawe yameandikwa, kwa kuwa la mdomoni husahaulika.

Tatu, ulizeni kwa barua. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa iliyoko katika ofisi ya umma, na ofisi yapaswa kujibu ndani ya siku 21. Barua ya mistari minne yatosha: ni viwanja vingapi vya umma katika wadi yetu, viko wapi, na vimeandikishwa kwa jina la nani. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 nayo inawapa wakazi haki ya kupeleka ombi rasmi kwa kaunti. Barua iliyopokewa na kugongwa muhuri ni shahidi.

Nne, mkiulizwa mnataka bustani ya namna gani, msiseme tu "nzuri". Ardhi ya Kitengela ni udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hushika viatu kama gundi, basi ombeni pamwagwe changarawe na pachimbwe mitaro. Maji huko ni ya shida, basi ombeni miti inayovumilia kiangazi kama migunga na miarobaini, si majani ya kumwagilia kila siku. Ombeni taa, choo cha wanawake chenye mlango unaofungika, bomba linalotosha pia kwa udhu, na viti vinavyoelekea mahali pa watoto. Ua usiwe mrefu hata ukaficha yaliyomo ndani, kwani mahali pasipoonekana ndipo vijana wa bangi hupapenda. Tena ulizeni nani atafagia na nani atalipwa kulinda, na fungu hilo liwemo katika bajeti ya kila mwaka. Bustani nyingi huzinduliwa kwa ngoma na kufa kwa kukosa mfagizi.

Na sehemu yetu sisi

Serikali ikifanya lake, limebaki letu. Mtume (S.A.W.) alituonya tusijitie katika laana kwa kuchafua njia za watu na vivuli wanavyopumzikia. Na kivuli cha bustani si kivuli cha watu ni kipi? Nepi iliyotupwa chini ya mti, mfuko wa miraa ulioachwa kwenye kiti, maneno machafu yanayorushwa kwa wanawake wapitao, yote haya yamo katika onyo hilo. Wazee wetu wa barazani walikuwa wakifundishwa haki za njia: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitikia salamu. Bustani ndiyo baraza ya mji wa leo, na haki zake ni zile zile. Na apandaye mti, akala katika mti huo mtu au ndege au mnyama, ana sadaka. Madrasa yoyote yaweza kuchukua watoto wake Jumamosi moja kwa mwezi wakapande na wakafagie, na hilo nalo likawa somo.

Tusidhani kwamba haya ni ya wakazi wa Kitengela peke yao. Mashamba yaliyo nyuma ya Mtwapa na Likoni yanakatwa leo kama walivyokata wao jana, na ramani zake zingali mezani. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azilinde familia zetu popote zilipo, awape viongozi wetu hofu yake katika amana za umma, na atujaalie tuwe katika wanaouacha mji ukiwa bora kuliko walivyoukuta. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.